Kompyuta Inayoamka Kinole

Kinole,
11 Agosti 2024

Mpwa wangu Mwanvita,

Natumaini barua hii itakukuta wewe, mumeo na watoto mkiwa wazima. Sisi huku hatujambo. Mama yako anakula vizuri na kifua kimetulia, ingawa amekataa kuvaa sweta nililomnunulia kwa madai kwamba linamzeesha. Ana miaka sitini na minane. Nimemwacha. Ndizi zimekubali, mdalasini tumeanza kuubandua magome, na Hafidhi anakuletea kwa pikipiki yake mananasi matano pamoja na barua hii. Yakifika manne, muulize yeye.

Sababu ya kukuandikia kwa kalamu unaijua. Hapa nyumbani simu haishiki mtandao mpaka nipande kwenye mawe, na nikifika huko nikihema nakuta umeniandikia "shkm mjmb". Sikukufundisha kusoma ili uje kuniandikia hivyo.

Sasa jambo lenyewe. Linahusu kompyuta mpakato ya mdogo wako Abdulswamad. Tangu alipopanda msituni mwezi wa Aprili kurekodi vyura wake wa chuoni, asirudi, mashine hiyo imekaa kwangu. Mama yako huifungua kila jioni kwa namna ulivyomwonyesha, akasikiliza mwanawe akitaja tarehe na mahali kabla ya vyura kuanza kulia. Husikiliza maneno hayo tu. Vyura huwaruka.

Umeme haujafika kwetu huku juu, na sola yangu inatosha taa mbili na simu yangu ya batani. Kwa hiyo Hafidhi huipeleka kompyuta kuchajiwa kwenye duka la barabarani, akairudisha imejaa. Hapo awali chaji hiyo ilimtosha mama yako siku kadhaa. Siku hizi akisikiliza kidogo jioni na kuifunika, kesho yake haiwaki kabisa. Hukaa nayo mapajani ikiwa nyeusi. Sipendi kumwona hivyo.

Katika karatasi zake nimekuta dhamana ya mwaka mmoja, ambayo ninyi mnaiita waranti, na inaisha tarehe 20 Januari. Hafidhi anakuletea mashine na karatasi. Ifuatilie kabla muda haujapita.

Jambo la mwisho. Katika barua yako ya Julai uliandika kwamba betri ya simu yako "imekufa". Betri haina roho. Andika kwamba imeharibika.

Mjomba wako,
Sufiani Kibwana

*

Mafiga, Morogoro,
25 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mimi na watoto hatujambo, na baba yao anakusalimu sana. Kazi ya cherehani imenielemea kidogo maana kila mzazi anataka sare jana. Maji ya bomba yanatoka siku yanapojisikia. Mananasi yamefika manne. Hafidhi anasema moja lilianguka pale Bigwa. Nikamwambia, "Lilianguka mdomoni." Akacheka mpaka akakaa chini. Unamjua.

Kompyuta nimeipeleka kwa fundi anayeitwa Jonathan, kijana mpole, hana maneno mengi. Alipofungua kifuniko cha chini alirudisha kichwa nyuma, akaniuliza, "Dada, hii mashine mlikuwa mnaipika?" Ndani kuna masizi, na inanukia moshi na mdalasini. Anataka kujua mnaihifadhi wapi. Amesema betri ikipata joto kila siku huchoka haraka, na ikifikia kuvimba, waranti haitaigusa. Hii bado haijavimba.

Kisha nikaenda ofisi ya wakala, alikoinunua mdogo wangu. Pale mapokezi yupo dada mmoja, Jesca, ana adabu lakini hapindishi. Akatazama karatasi, akasema, "Mashine imeandikishwa kwa jina la Abdulswamad. Aje mwenyewe asaini." Nikamwambia amesafiri. Akauliza, "Anarudi lini?" Mjomba, nilisimama pale kama mtoto aliyeulizwa jina la baba yake. Nikasema sijui. Nikirudi niseme nini?

Jonathan anaweza kuzihamishia zile sauti kwenye simu yangu ya zamani, Mama akasikiliza huko bila taabu ya chaji. Muulize.

Mpwa wako,
Mwanvita

*

Kinole,
8 Septemba 2024

Mpwa wangu Mwanvita,

Marahaba. Sare za shule zishone vizuri pindoni, watoto wa siku hizi wanakua haraka. Huku tumemzika mzee mmoja wa ng'ambo ya mto, umri wake umekwenda, hatukulia sana. Mama yako alikwenda mazikoni akarudi kabla ya watu kutawanyika. Alisema hawezi kuacha nyumba bila mtu jioni.

Mwambie fundi kwamba kompyuta ilikuwa juu ya uchaga, jikoni, pamoja na mbegu za mahindi. Yeye ni mtu wa mjini, hajui kwamba huku kila kisichokaa juu ya moto huota ukungu: viatu, vitabu, hata mkanda wa suruali. Mbegu ya msimu ujao huwekwa mahali palipo salama kuliko pote nyumbani, na mahali hapo ni uchaga. Nami nikaiweka hapo kompyuta ya mwana wa kiume wa ukoo huu. Nilidhani nafanya vema. Ikirudi nitaiweka kwenye sanduku langu la bati, chumbani, nimeifunga kwa shuka.

Habari ya simu mama yako ameikataa. Anasema kwenye simu sauti za watu wote zinafanana.

Kuhusu swali la yule binti: "amesafiri" ni jibu sahihi. Usiongeze neno.

Mjomba wako,
Sufiani Kibwana

*

Mafiga,
29 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo, ila mtoto wa mwisho alipata homa, sasa anacheza. Nimefurahi kusikia Mama anakwenda mazikoni.

Unakumbuka kompyuta ilirudi kwako baada ya barua yako, ikakaa kwenye sanduku la bati, na bado Hafidhi akaileta tena ikiwa imekwisha chaji. Kwa hiyo uchaga peke yake siyo sababu. Jonathan akasema niiache dukani kwake wiki nzima, imejaa chaji, imefunikwa, haiguswi na mtu. Wiki ilipokwisha akaifungua mbele yangu. Chaji ilikuwa imepungua kidogo tu. Akaipima betri: ni kweli imechoka kwa lile joto, lakini haijafikia hali ya kwisha mara moja namna hiyo. Kwa maneno yake, "Ikiwa hapa inalala. Ikiwa huko kwenu hailali."

Akanieleza. Kompyuta ikifunikwa huwa inalala, na ikilala hutumia chaji kidogo sana. Lakini huweka kumbukumbu ya kila inapoamka na kilichoiamsha. Akazisoma kumbukumbu hizo. Inapokuwa Kinole huamka yenyewe ikiwa imefunikwa, karibu kila siku, jioni jioni, ikabaki macho mpaka inaishiwa. Inapokuwa Mafiga haiamki hata mara moja.

Inaamshwa na simu, Mjomba. Simu iliyo karibu nayo na inayogawa mtandao, ambayo kompyuta inaifahamu na inajiunganisha nayo bila kuulizwa. Haijalishi kama huko mlimani hakuna mnara. Zenyewe kwa zenyewe zinaonana. Jonathan ameona jina la simu hiyo. Naomba nisiliandike kwanza. Niambie, kuna mtu yeyote mwenye simu kubwa anayefika hapo nyumbani jioni?

Jesca ameniita tena. Anasema njia ni mbili: mwenyewe aje, au familia ilete barua yenye mhuri wa serikali ya kijiji inayoeleza yuko wapi na nani anasimama mahali pake.

Mpwa wako,
Mwanvita

*

Kinole,
13 Oktoba 2024

Mpwa wangu Mwanvita,

Marahaba. Mpe mtoto maji ya kutosha. Mvua za vuli zimeanza kunukia, mawingu yanashuka mapema.

Najibu kwa mpangilio. Simu kubwa hapa nyumbani hakuna. Jirani wa karibu yuko chini ya bonde, ni bibi kizee ambaye hata redio hana. Hafidhi hulala barabarani kwenye pikipiki zake, na hupanda asubuhi. Jioni ukungu ukishuka hakuna mtu mwenye akili anayepanda kuja huku, njia haionekani.

Umeniuliza swali huku umeficha nusu ya habari. Sikukulea hivyo. Andika jina.

Mjomba wako,
Sufiani Kibwana

*

Mafiga,
20 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima.

Jina la simu ni Mwana wa Mwanaidi.

Ndivyo Abdulswamad alivyoiita simu yake, kwa jina la Mama, siku aliyoinunua. Mama alikuwepo, alicheka, akamwambia simu haina mama. Ndiyo ile aliyokuwa nayo mfukoni alipopanda.

Jonathan mwanzoni alisema mtu mwingine anaweza kuiita simu yake jina hilohilo. Nikakubali haraka, nilitaka kukubali. Kisha akasema isingetosha jina, ingebidi iwe na neno la siri lilelile. Nikamuuliza simu inatakiwa iwe karibu kiasi gani. Akatazama nje, akanionyesha kwa kidole: kama kutoka pale dukani hadi kwenye mwembe wa jirani. Nyumbani kwako hiyo ni kama kutoka mlango wa jikoni hadi mdalasini wa kwanza.

Kompyuta nimeichukua, nimempa Hafidhi airudishe. Jonathan hakutaka iendelee kulala dukani kwake.

Mwanvita

*

Mafiga,
10 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hafidhi ameshuka mara mbili bila barua yako. Mara ya kwanza nilidhani amesahau, nikapekua mpaka chini ya matenga ya ndizi. Mara ya pili nilimbana.

"Mjomba haumwi," akasema. "Anakaa nje tu."

"Nje wapi?"

"Kwenye kigoda, uani. Jioni. Kanunua na koti la mvua."

"Na Mama?"

Akatazama pembeni. Akasema Mama anapika chakula cha mtu mmoja zaidi, anakifunika, na asubuhi anawapa kuku. Akajaribu mzaha, akasema kuku wa Kinole wananenepa kuliko wabunge. Hatukucheka, mimi wala yeye.

Mjomba, Desemba inakuja na Januari iko nyuma yake. Kama hutaki tuendelee na waranti, sema basi. Lakini nijibu.

Mpwa wako,
Mwanvita

*

Kinole,
24 Novemba 2024

Mpwa wangu Mwanvita,

Marahaba, na uniwie radhi kwa kuchelewa. Nilikuwa sina cha kuandika ambacho ningekubali kukisaini.

Mama yako hajambo. Mvua inanyesha. Mto umepanda.

Tangu mwezi wa Juni mama yako amekuwa akiniambia kwamba jioni, ukungu ukifika kwenye mdalasini, anasikia mtu akikohoa. Wewe umekulia huku, unajua: mgeni hukohoa mwisho wa uwanja kwanza ili wenye nyumba wajiweke sawa, ndipo anapiga hodi. Mama yako anasema kikohozi anakisikia, hodi haiji. Nilimkataza kusema jambo hilo mbele za watu. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na nimewafundisha watoto wa milima hii kwamba ukungu ni maji.

Baada ya barua yako nilikaa nje. Niliiweka kompyuta mapajani, imefunikwa, imetoka kuchajiwa. Siku kadhaa hapakuwa na kitu. Siku moja ukungu ulishuka mzito, miti ikaondoka mmoja mmoja, mpaka nikawa sioni hata miguu yangu. Kile kitaa kidogo cha ubavuni mwa mashine kikawaka. Nikahisi joto lake kwenye mapaja, kama paka anapoanza kuunguruma.

Sitaandika nilichosikia. Nitaandika nilichofanya. Nilisema, "Karibu." Nililisema kwa sauti ya darasani, ili mtu aliye kwenye mdalasini alisikie. Kitaa kikazimika. Jioni hiyo hakikuwaka tena.

Nimefikiri sana. Simu ya mtu aliyeondoka Aprili ingekuwa inachajiwa na nani? Hilo ni swali la kwanza. La pili ni hili. Kama ni yeye, amekaribishwa kwao akashindwa kuingia. Kwa nini?

Wazee wa ukoo wamekuwa wakinilaumu toka zamani, na nilikuwa nikiwafukuza. Unajua desturi yetu Waluguru. Mtu akiondoka duniani, jina lake hurithiwa na mtoto wa upande wa mama. Kwa kuitwa jina lile yeye ndiye huyo aliyeondoka, kwa mke, kwa shamba, kwa salamu. Mimi nimezuia jambo hilo kwa sababu hatukuona mwili. Wazee wanasema nimeliacha jina nje, linanyeshewa.

Nimeamua. Tarehe 14 Desemba ukoo utakaa. Tutasoma hitima, na jina la Abdulswamad atalirithi Hafidhi, mtoto wa mama yenu mdogo. Barua yenye mhuri nitaiandika mwenyewe. Mtendaji wa kijiji alinishauri niandike kwamba Abdulswamad "hayupo". Nikamwambia aliyekwenda sokoni naye hayupo. Nitaandika amefariki, kwa kuwa kama ninafanya jambo hili nitalifanya lote.

Mwambie yule binti wa ofisini kwamba mwenyewe atakuja kusaini.

Mama yako hazungumzi nami.

Mjomba wako,
Sufiani Kibwana

*

Mafiga,
1 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, nikaificha chini ya vitambaa mume wangu asiione. Nitakuja tarehe 14, na kanzu ya Hafidhi nitaishona mimi. Lakini acha niseme, hata kama utasema nimekosa adabu.

Nilikuwa nikigombana na wewe moyoni kwamba hutaki kukubali. Sasa umekubali, ninaona baridi. Tumefikaje hapa kwa sababu ya betri? Kama tukimpa Hafidhi jina, yule anayekohoa kwenye mdalasini atakuwa nani?

Hilo unijibu. Ya Jesca nimeyamaliza: barua yako yenye mhuri itamtosha.

Mpwa wako,
Mwanvita

*

Kinole,
8 Desemba 2024

Mpwa wangu Mwanvita,

Marahaba. Kanzu isiwe fupi.

Swali lako sina jibu lake. Njoo mapema, ufike kabla ya ukungu.

Mjomba wako,
Sufiani Kibwana

*

Mafiga,
12 Januari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Tulirudi salama siku ile ya hitima, ila watoto walifika wamelala wote juu ya mizigo. Waliniuliza kwa nini Bibi alikaa jikoni shughuli nzima. Nikawaambia alikuwa anaangalia pilau.

Nakuandikia habari njema. Waranti imekubaliwa, na muda wenyewe ulikuwa umebaki kidogo. Tulikwenda wawili, mimi na Hafidhi. Nasema Hafidhi, nisamehe, bado ulimi haujazoea. Jesca aliisoma barua yako taratibu, akasema "Poleni sana," akamtazama yeye. "Kwa hiyo wewe ndiye mrithi wa mali zake?"

Akajibu, "Mimi ndiye Abdulswamad."

Alilisema bila mzaha. Nilitazama kama macho yake yanacheka, maana unajua hawezi kukaa na jambo zito. Hayakuwa yanacheka. Jesca akampa karatasi asaini. Alisaini haraka, kalamu haikusita. Jesca akatoa ile karatasi ya siku ya ununuzi, akaziweka mbili pamoja, akatazama huku na huku. Akasema, "Sawa, zinalingana."

Mjomba, zilikuwa zinalingana. Ile herufi ya mwanzo iliyofungwa kama fundo, na mkia unaorudi nyuma. Hafidhi hajawahi kuiona saini ya mdogo wangu. Tulipotoka nje nilimuuliza amejifunzia wapi. Akasema, "Dada, mkono ulikwenda wenyewe." Kisha akaniomba nisimuulize tena.

Betri mpya imewekwa palepale. Ya zamani wamebaki nayo. Ndiyo masharti yao, wakitoa mpya huchukua mbovu. Jonathan ameipima mpya, anasema haina kasoro yoyote.

Jana nilimwona anapita barabarani na matenga ya ndizi, nikamwita, "Hafidhi! Hafidhi!" Hakugeuka. Nikaita lile jina jingine. Akasimama.

Msalimie Mama. Je, sasa anaongea na wewe?

Mpwa wako,
Mwanvita

*

Kinole,
2 Februari 2025

Mpwa wangu Mwanvita,

Marahaba. Natumaini watoto wamefungua shule bila matatizo. Huku hatujambo. Mvua zimekatika, tunapalilia. Karafuu zimechanua. Mama yako sweta analivaa sasa, bila kuambiwa.

Kompyuta imefika. Mshukuru fundi, mshukuru na yule binti; wamefanya kazi yao kwa utaratibu, jambo ambalo siku hizi ni nadra. Mama yako alisikiliza jioni ile ilipofika, akaifunika. Kesho yake ilikuwa na chaji karibu ileile. Na keshokutwa yake vilevile. Sasa ni wiki ya pili na Hafidhi hajaibeba kwenda kuchajiwa hata mara moja. Haipati joto. Kitaa cha ubavuni hakiwaki.

Nimekaa nje kila jioni. Ukungu unashuka kama kawaida yake, unafika kwenye mdalasini, unaondoka. Nimekaribisha. Nimekaribisha kwa jina, na mara moja Hafidhi alikuwa ndani anakula, akaitika yeye.

Umeniuliza kama mama yako anaongea nami. Ameongea mara moja. Alikuwa akiosha sahani, hakuinua kichwa. Alisema, "Kaka, alikuwa anakuja. Umechukua jina lake ukamwekea mtu mwingine mlangoni. Sasa akifika ataambiwa yeye mwenyewe yumo ndani."

Nilitaka kumsahihisha. Nilisimama pale nikitafuta kosa katika maneno yake, sikuliona.

Hapiki tena cha mtu wa ziada. Kuku wamepungua.

Sasa nina ombi, na nakuomba usilijadili na mtu. Nenda kwa Jesca umuulize kama ile betri ya zamani bado wanayo. Mwambie tutarudisha mpya, na waranti wanaweza kuifuta, sitadai chochote. Kama amekwisha kuitupa, muulize ni wapi. Mwambie ni ombi la wenye nyumba.

Najua fundi atasema kwamba kasoro haikuwa kwenye betri, na kwamba simu ile ikifika karibu, kompyuta itaamka hata ikiwa na betri mpya. Maneno hayo nimekwisha kujiambia. Lakini betri ile ndiyo iliyokuwa ikimjua, na mimi siku hizi sina ujuzi mwingine wa kutegemea.

Wakati nikisubiri jibu lako nimeitoa kompyuta kwenye sanduku la bati. Nimeipandisha tena juu ya uchaga, pamoja na mbegu. Mama yako amekoleza moto.

Usiniandikie kwamba joto litaiua. Najua.

Mjomba wako,
Sufiani Kibwana